RUZUKU YA MBOLEA: NANI HULIPA, NA NANI HUFAIDI?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa alisome kwanza peke yake, kisha alisome mbele ya wanafunzi polepole. Palipoandikwa "Ubaoni", asimame na kuandika kwa herufi kubwa.

Nawasalimu ninyi nyote mliokusanyika darasani jioni hii, ninyi wa Temeke, Mbagala na Tandika, na ninyi wa Kinondoni, Mwananyamala na Tandale. Najua wengine wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmewaacha watoto kwa jirani. Basi sitawapotezea wakati. Leo tutasoma neno moja, tutafanya hesabu moja, kisha tutazungumza juu ya shauri moja kubwa la nchi yetu.

Ubaoni: RU – ZU – KU. RUZUKU.

Someni wote kwa pamoja. Ru, zu, ku. Ruzuku. Tena mara ya pili. Vema.

Ruzuku ni fedha ambazo Serikali hutoa ili kitu fulani kiuzwe kwa bei ndogo kuliko bei yake ya kweli, au ili anayekizalisha apate nguvu ya kuendelea. Kama mfuko wa mbolea una bei ya shilingi 100,000, na mkulima akalipa shilingi 60,000 tu, basi shilingi 40,000 zilizobaki hazikupotea hewani. Mtu mwingine amezilipa. Aliyezilipa ni Serikali, na sehemu hiyo ndiyo iitwayo ruzuku.

Sasa nawauliza: Serikali hupata wapi fedha zake? Haina shamba la fedha. Hupata kwa kodi, kwa ushuru, kwa mikopo na kwa misaada. Mama aliyenunua sabuni asubuhi dukani Mtoni amelipa kodi ndani ya bei ya sabuni hiyo. Kijana aliyenunua vocha ya simu Magomeni amelipa kodi. Kwa hiyo wanaolipia ruzuku ni sisi wenyewe, kila mtu kidogo kidogo, na mkopo wa leo ni kodi ya kesho.

KWA NINI MTU WA MJINI AJISHUGHULISHE?

Huenda mwanafunzi mmoja akasema, "Mimi sina shamba. Nakaa Temeke katika chumba cha kupanga. Mbolea yanihusu nini?"

Inakuhusu kwa njia tatu. Ya kwanza nimekwisha kuitaja: wewe ni mlipa kodi, na fedha zako zimo ndani ya mfuko ule wa mbolea. Ya pili, wewe ni mlaji. Unga unaosonga ugali wako haukuota Tandika. Mahindi yake yamelimwa mbali, Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Iringa au Njombe, au yamepita katika soko la Kibaigwa huko Dodoma, kisha yakaletwa kwa lori mpaka Tandale na Manzese, yakasagwa, ndipo yakakufikia. Mahindi yakiwa machache huko, bei hupanda hapa. Ya tatu, wengi wetu tuna wazazi, ndugu na watoto wa ndugu vijijini. Mavuno yao yakiharibika, simu hulia hapa mjini, na mshahara mdogo hugawanywa mara mbili.

Hata hapa mjini wako wakulima. Mabonde ya mto Msimbazi yana bustani za mchicha na matembele, na wenye bustani hizo hutumia sana samadi ya kuku. Lakini leo tutasema juu ya mbolea ya viwandani, ile ambayo wazee wetu waliiita mbolea ya chumvichumvi, na juu ya zao la mahindi, kwani huko ndiko fedha nyingi za ruzuku zilikokwenda.

HESABU YETU

Chukueni madaftari. Hii ni hesabu ya mfano. Si habari ya mtu fulani, lakini bei za mbolea ndani yake ziko karibu na zile zilizokuwako mwaka 2022.

Mkulima wetu wa mfano ana ekari moja ya mahindi. Ahitaji mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50: mmoja wa kupandia, na mmoja wa kukuzia. Tuseme bei kamili ya kila mfuko ni shilingi 125,000, na bei ya ruzuku ni shilingi 70,000.

Ubaoni:
Bei kamili: 125,000 × 2 = 250,000
Bei ya ruzuku: 70,000 × 2 = 140,000
Sehemu ya Serikali: 250,000 – 140,000 = 110,000

Sasa tuseme mbolea hiyo inamwongezea mkulima magunia 6 ya mahindi, kupita yale ambayo angevuna bila mbolea. Kama gunia moja anauza shilingi 50,000, magunia 6 yatampa shilingi 300,000. Akiwa amenunua kwa bei kamili, atabakiwa na shilingi 50,000. Akiwa amenunua kwa ruzuku, atabakiwa na shilingi 160,000.

Haya, bei ya mahindi ikishuka ikawa shilingi 40,000 kwa gunia? Magunia 6 yatampa shilingi 240,000. Aliyenunua kwa bei kamili amepata hasara ya shilingi 10,000. Aliyenunua kwa ruzuku bado ana faida ya shilingi 100,000.

Na mvua ikikataa kabisa? Wa kwanza amepoteza shilingi 250,000, na wa pili amepoteza 140,000. Wote wawili wamelia, lakini kilio si kimoja.

Katika hesabu hii ndogo twaona kwa nini mkulima maskini huogopa mbolea. Hakosi akili, wala si mvivu. Anajua mbolea ina nguvu. Lakini anatakiwa kutoa fedha mwezi wa Novemba au Desemba, wakati ghala limeanza kuwa tupu na ada za shule zinakaribia, apate faida mwezi wa Juni au Julai, kama mvua ikitaka na kama bei ikitaka. Ruzuku humpunguzia hofu hiyo.

Lakini msifute ubao bado. Tazameni zile shilingi 110,000 za Serikali. Zimeleta magunia 6. Hiyo ni kama shilingi 18,000 na zaidi kidogo kwa kila gunia. Si vibaya. Lakini je, kama mkulima huyu ni mtu mwenye uwezo, ambaye angenunua mifuko yake miwili hata bila ruzuku? Magunia yale 6 yangevunwa vilevile. Nchi haikupata hata debe moja la ziada. Fedha zimetoka mfukoni mwa wengi na kuingia mfukoni mwa mmoja tu, basi.

Wekeni jambo hili akilini. Tutalirudia, kwani ndilo kiini cha ubishi wote.

TULIKOTOKA

Ruzuku si jambo jipya kwetu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilitilia mkazo sana kilimo. Mwaka 1972 chama cha TANU kilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Mwaka huohuo kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi. Mwaka 1975 madarasa ya watu wazima kama haya yenu yalisikiliza kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Mbolea iliuzwa kwa ruzuku kubwa, na bei yake ilikuwa moja nchi nzima.

Hata bei ya kununulia mahindi ilifanywa moja. Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake NMC, lilinunua mahindi ya mkulima wa Sumbawanga kwa bei ileile ya mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Sumbawanga ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Gharama ya lori ilibebwa na shirika. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ingawa haikuandikwa kwenye mfuko wowote.

Matokeo yake yalikuwa mawili. La kwanza ni jema: mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, yenye mvua nzuri lakini iliyo mbali na soko, ililima mahindi kwa wingi, ikajulikana kama mikoa mikubwa minne ya chakula. Mkulima wa mpakani alijiona naye ni mtu wa nchi hii. La pili ni baya: shirika lilinunua ghali, likasafirisha ghali, likauza unga rahisi, na deni lake benki likazidi kukua.

Nanyi watu wa mjini mlikuwa na ruzuku yenu. Wazee waliomo darasani watakumbuka unga wa sembe wa bei ya Serikali, na foleni zake. Bei hiyo ilishikiliwa chini kwa fedha za Hazina. Mwezi wa Juni 1984, pamoja na bajeti ya mwaka, Serikali iliiondoa ruzuku ya sembe. Bei ya unga ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mara moja. Mishahara iliongezwa pia, lakini mtu asiye na mshahara, mchuuzi wa samaki au mwosha magari, hakuwa na cha kuongezewa. Kumbukeni somo hilo: kuitoa ruzuku ni rahisi kuliko kuiondoa, na siku ya kuiondoa huumia zaidi wale ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote.

Katika miaka ya 1990 ikaja zamu ya mbolea. Ruzuku yake ilipunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufika katikati ya miaka hiyo ilikuwa imekwisha. Biashara ikaachwa kwa wafanyabiashara. Walifika palipo na barabara nzuri. Palipo na barabara mbaya walichelewa au hawakufika, na wakulima wengi wa nyanda za juu kusini wakapunguza mbolea au wakaiacha.

Mwaka 2003 Serikali ikaanza tena, ikilipia sehemu ya gharama ya kusafirisha mbolea kwenda mikoani. Kisha mwaka 2008 bei za chakula na mbolea zilipanda duniani kote, na mpango mkubwa ukaanzishwa nchini: mpango wa vocha za pembejeo, ambao Benki ya Dunia iliukopesha fedha. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu bora, vya kutosha kama ekari moja. Vocha ililipa nusu ya bei, na mkulima alilipa nusu yake. Kila kaya ilikusudiwa kusaidiwa miaka mitatu tu, kisha ijitegemee. Katika msimu wa 2010/11 kaya zipatazo milioni 2 zilifikiwa. Mpango huo ulikwisha msimu wa 2013/14.

Halafu tukafika mwaka 2022. Bei za mbolea zilikuwa zimekwisha panda tangu 2021, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyozuka Februari 2022 vikazidisha, kwani nchi hizo na jirani zao huuza mbolea nyingi duniani. Mfuko wa DAP ulipita shilingi 130,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Mbeya mpango mpya wa ruzuku. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150, na mfuko wa DAP ukauzwa kwa shilingi 70,000. Safari hii hapakuwa na vocha za karatasi. Mkulima aliandikishwa, akapewa namba yake, na simu ikatumika kumtambua dukani. Mpango huo uliendelea katika misimu iliyofuata.

WANAOITETEA RUZUKU HUSEMA HIVI

Kwanza, husema kwamba chakula si bidhaa kama saa au redio. Mtu anaweza kuishi bila saa. Nchi isiyo na chakula hununua nje kwa fedha za kigeni, kwa bei ya shida. Kwa hiyo ni afadhali kulipia mbolea sasa kuliko kulipia meli ya mahindi baadaye.

Pili, husema kwamba mkulima mdogo hana benki ya kumkopesha wala bima ya kumfuta machozi. Mwenye kiwanda Dar es Salaam hupata mkopo kwa hati ya nyumba yake. Mkulima wa jembe la mkono ana ardhi isiyo na hati na mvua isiyo na ahadi. Ruzuku ni njia ya kumshika mkono ajaribu kitu ambacho asingethubutu kukijaribu. Akikijaribu na kuona faida, mwaka wa tatu atanunua mwenyewe.

Tatu, hutupa mfano wa jirani. Malawi ilipata njaa mwaka 2005. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ikaanza kutoa mbolea na mbegu kwa ruzuku kubwa, ingawa wafadhili kadhaa hawakupenda. Mavuno yaliyofuata yalikuwa makubwa sana, na mwaka 2007 nchi iliyokuwa ikiomba chakula iliuza mahindi Zimbabwe.

Nne, husema kwamba matajiri wenyewe hufanya hivyo. Marekani imewasaidia wakulima wake kwa sheria tangu mwaka 1933. Nchi za Ulaya zilianza mpango wao wa pamoja wa kilimo mwaka 1962. Mkulima wao wa pamba akilipwa na serikali yake, hulima nyingi hata bei ikiwa mbaya, na pamba hiyo huishusha bei ya dunia. Anayeumia ni mkulima wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu, na wenzake wa Mali, Burkina Faso, Benin na Chad, ambao mwaka 2003 walipaza sauti zao katika Shirika la Biashara la Dunia. Brazil iliishtaki Marekani kwa ajili ya pamba, na mwaka 2005 uamuzi wa mwisho uliipa Brazil haki. Basi wanauliza, mbona sisi tuambiwe tushindane mikono mitupu?

WANAOIPINGA RUZUKU HUSEMA HIVI

Nao wana hoja zao, na si watu wasiopenda wakulima.

Kwanza, husema kwamba ruzuku hupotea njiani. Katika mpango wa vocha, wako wakulima maskini ambao hawakuwa na ile nusu yao ya fedha. Vocha mkononi, mfuko mtupu. Wengine waliziuza kwa bei ya kutupa, wengine walitia sahihi na mwenye duka akachukua fedha za Serikali bila mbolea kutoka. Wachunguzi wawili waliochapisha kazi yao mwaka 2012 walitazama vijiji vya Kilimanjaro, wakaona kwamba kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilipokewa na kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Sasa rudini kwenye ubao. Kiongozi mwenye uwezo angenunua mbolea hata bila vocha. Mahindi ya nchi hayakuongezeka.

Pili, husema kwamba ruzuku huchelewa. Mbolea ya kupandia ikifika baada ya mvua za kwanza, mahindi yamekwisha ota. Mbolea iliyochelewa mwezi mmoja ni mzigo wa kuweka uvunguni.

Tatu, husema kwamba bei mbili huzaa wizi. Palipo na mfuko wa shilingi 70,000 upande huu na mfuko huohuo wa shilingi 120,000 upande wa pili wa mpaka, atatokea mtu mwenye baiskeli usiku. Na palipo na fedha nyingi za Serikali hutokea pia wadanganyifu. Mwaka 2024 nchini Kenya ilizuka kashfa kubwa: wakulima walikuwa wameuziwa, ndani ya mpango wa ruzuku, mifuko ya mbolea isiyofaa. Mkulima aliyeitia shambani alipoteza fedha, na alipoteza msimu mzima.

Nne, husema kwamba ruzuku hula fedha za mambo mengine. Huko Malawi tuliyoitaja, ruzuku ilifika kuchukua zaidi ya nusu ya fedha zote za wizara ya kilimo. Wakati wa mavuno yale makubwa mvua nayo ilikuwa nzuri, na miaka ya mvua mbaya njaa ilirudi, mbolea ikiwapo. Shilingi iliyonunua mbolea mwaka huu imekwisha mwaka huu. Shilingi iliyojenga mfereji wa maji, barabara ya kijiji au kituo cha kupima udongo itakuwapo mwakani. Tena, udongo wenye tindikali nyingi hauponi kwa mbolea tu. Wataka chokaa, wataka samadi, wataka bwana shamba anayefika kijijini.

Tano, hutaja New Zealand. Nchi hiyo iliwapa wakulima wake ruzuku nyingi, kisha mwaka 1984 ikaziondoa karibu zote. Ilihofiwa kwamba wengi wataacha mashamba. Walioacha walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa. Waliobaki walibadili mazao, wakapunguza gharama, wakaendelea. Lakini tuseme kweli: mkulima wa New Zealand alikuwa na barabara, benki, shule na simu tangu zamani. Kumlinganisha na mkulima wa Ludewa si haki kamili.

MLAJI NA MKULIMA

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazami. Ruzuku ikifanikiwa, mahindi huwa mengi. Mahindi yakiwa mengi, bei hushuka. Ninyi wa Temeke na Kinondoni mtafurahi. Lakini mkulima je?

Mwaka 2017 mavuno yalikuwa mazuri katika nyanda za juu kusini, na mwezi wa Juni Serikali ikakataza kuuza mahindi nje ya nchi ili chakula kisipungue. Bei ikaanguka mikononi mwa wakulima. Mtu aliyetia mbolea na kuvuna vizuri alijikuta na magunia mengi yasiyorudisha gharama. Mwaka uliofuata mtu huyo alinunua mbolea kwa moyo gani?

Kwa hiyo ruzuku peke yake ni mguu mmoja, na mtu hatembei kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ni soko. Kumsaidia mkulima kupanda, kisha kumfungia mlango wa kuuza, ni kutoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana ghala la taifa la chakula linalonunua kwa bei ya haki, barabara inayopitika mwezi wa Machi, na mpaka ulio wazi, huenda vikamfaa mkulima kama mbolea yenyewe.

TUPIME VIPI?

Mimi kazi yangu ni elimu, si siasa, na sitawaambia mpige kura gani. Lakini mtu akija kwenu na kusema "Ruzuku ni nzuri" au "Ruzuku ni mbaya", msikubali wala msikatae upesi. Mwulizeni maswali manne.

Ubaoni:
1. NANI anapata? Ni yule asiyeweza kununua, au ni yule ambaye angenunua tu?
2. LINI inafika? Kabla ya mvua, au baada yake?
3. HADI LINI? Ina mwisho, au haina?
4. BADALA YA NINI? Fedha hizi zingefanya nini kingine?

Swali la tatu lina methali yake, nanyi mwaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruzuku yenye kufaa ni ile inayomkaribisha mkulima, kisha inampa jembe. Mpango wa vocha ulikusudia hivyo, miaka mitatu kwa kila kaya, na kusudi hilo lilikuwa jema. Ruzuku ya mwaka 2022 ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuja kama mwavuli wakati wa mvua ya ghafula, bei za dunia zilipopanda bila kosa la mkulima wetu. Mwavuli ni kitu kizuri. Lakini hakuna ajengaye nyumba kwa miavuli. Bei za dunia zikitulia, yafaa tuulize kila mwaka kama bado twauhitaji, na nani hasa bado amelowana.

Kwa swali la nne, chukueni zile shilingi bilioni 150 na kuzigawa kwa shilingi 110,000 za ekari moja katika mfano wetu. Mtapata ekari zisizofika milioni 1.4. Nchi yetu ina ekari nyingi za mahindi kuliko hizo. Basi hata fedha nyingi namna hiyo haziwezi kumfikia kila mtu. Kuchagua ni lazima, na asiyechagua kwa haki ataona wenye nguvu wamejichagulia wenyewe.

Mwaka 2003 huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kwamba kila nchi itatumia angalau asilimia 10 ya bajeti yake kwa kilimo na maendeleo ya vijiji. Ahadi hiyo haikusema zote ziwe mbolea. Inatuachia sisi wenyewe kuamua ni kiasi gani kiende kwenye mfuko, na kiasi gani kiende kwenye mfereji, barabara, utafiti na mabwana shamba. Uamuzi huo hufanywa Dodoma, bungeni, lakini fedha ni zenu, na mbunge ni wenu. Mtu aliyejua kusoma bajeti na kugawa 250,000 kwa mbili si rahisi kudanganywa mkutanoni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ruzuku: fedha za Serikali za kupunguza bei au kumsaidia mzalishaji.
Pembejeo: vitu vya kulimia, kama mbegu, mbolea na dawa.
Vocha: karatasi yenye thamani ya fedha kwa kununua kitu kilichotajwa tu.
Kaya: watu wanaoishi na kula pamoja.
Bajeti: makadirio ya fedha zitakazoingia na zitakazotumika.
Hazina: mahali Serikali inapoweka na kutunza fedha zake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika mfano wetu, bei ya gunia ikiwa shilingi 45,000, mkulima aliyenunua kwa bei kamili atapata faida au hasara ya kiasi gani? Na aliyenunua kwa ruzuku je?
2. Wazee waliokuwapo mjini mwaka 1984 wawaeleze vijana: unga ulipopanda bei, nyumba zenu zilifanya nini? Nani alisaidiwa, nani hakusaidiwa?
3. Kama ninyi mngekuwa kamati ya kijiji, mna vocha 50 na kaya 200, mngegawaje? Andikeni masharti matatu, kisha mtazame kama kiongozi wa kamati mwenyewe angepata.
4. Mlaji anataka unga rahisi, mkulima anataka bei nzuri. Je, iko njia ya kuwapatanisha? Itajeni.
5. Kila mwanafunzi mwenye ndugu kijijini ampigie simu wiki hii, amwulize mambo mawili: mbolea ilifika lini, na mahindi aliyauza kwa bei gani. Leteni majibu darasani, kiongozi ayaandike ubaoni katika safu mbili.

Majibu ya swali la kwanza: bei kamili, faida ya shilingi 20,000, bei ya ruzuku, faida ya shilingi 130,000. Aliyekosea asifute. Apige mstari, aanze upya chini yake.